Manowari za Kuazima

Na Mwandishi Wetu, Ilemba

Nilipomwambia mwenzangu wa Dar es Salaam kwamba nashuka Ilemba, aliniomba nimsalimie nahodha. Alidhani nakwenda kupanda meli. Simlaumu. Ilemba na Liemba ni herufi zilezile, mbili za mwanzo tu ndizo zimebadilishana kiti.

Ilemba ni kata ya Wilaya ya Sumbawanga, chini kabisa katika Bonde la Ziwa Rukwa. Ukitoka juu Ufipa, kwenye baridi na upepo, barabara inayoshuka kutoka Kalambazite inakuteremsha kona baada ya kona kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa, na kila kona sweta linazidi kuwa mzigo. Liemba ni meli, na maji yake ni ya Ziwa Tanganyika, upande wa pili wa uwanda. Uwanda wa Ufipa umekaa kati ya maziwa hayo mawili kama tandiko la punda: upande huu Rukwa, ziwa la kina kifupi lenye magege na kambale, upande ule Tanganyika, lenye kina kinachofika mita 1,470, la migebuka na dagaa.

Nilicheka, nikamwambia ziwa la huku halina meli. Lakini siku mbili baadaye, nikiwa mwaloni natazama mtu akishona wavu, kosa lake lilinirudia, na safari hii sikucheka.

Mshonaji alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, pindo la wavu amelibana kwa kidole gumba cha mguu wa kulia ili likazike kama kamba ya ngoma. Uzi unapita, unazungushwa, fundo linakazwa kwa meno, jicho moja la wavu limepona, anahamia la pili. Tulizungumza habari ya nyavu, na kama ilivyo kwenye mialo yote ya nchi hii, mazungumzo yakafika kwenye kokoro. Kokoro ni wavu ambao kila mtu anajua unavyofanya kazi na hakuna hata mmoja anayemiliki. Umepigwa marufuku, na sababu inaeleweka: ncha moja inabaki kwa watu wa nchi kavu, mtumbwi unazunguka na ncha ya pili, kisha pande mbili zinavuta kwa pamoja. Kilicho katikati chote kinakuja. Mkubwa, mdogo, yai, jani, tope.

Sasa, msomaji, ondoa samaki kwenye picha hiyo. Badala ya mtumbwi weka meli mbili za uvuvi za bahari baridi ya kaskazini, zinakwenda sambamba. Badala ya wavu weka waya wa chuma uliotandazwa kati yao chini ya maji. Na badala ya kambale weka bomu la duara lenye pembe, limefungwa kwa mnyororo kwenye nanga sakafuni mwa bahari, linasubiri meli iliguse. Waya unanasa mnyororo, unaukata, bomu linaibuka juu likielea, na mtu mmoja aliyesimama sitahani analipiga kwa bunduki kutoka mbali hadi lilipuke au lizame.

Hilo ndilo kokoro la mabomu. Wavuvi ndio waliolivuta.

Samaki chini, mzinga juu

Neno manowari tumelipokea kutoka kwa mabaharia wa Kiingereza, na masikio yetu hulipokea likiwa na chuma, moshi na bendera. Ni nadra mtu kusikia manowari akafikiria harufu ya samaki. Hata hivyo, katika vita viwili vikubwa vya karne iliyopita, sehemu kubwa ya kazi chafu ya jeshi la majini la Uingereza ilifanywa na vyombo vilivyokuwa vimenuka samaki hadi wiki moja kabla.

Jambo hili lilianza kwa aibu iliyowapata wengine. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Oktoba 1904, msafara wa manowari za Urusi uliokuwa ukielekea vitani dhidi ya Japani ulipita katikati ya wavuvi wa Hull waliokuwa wakikokota nyavu kwenye Bahari ya Kaskazini. Warusi waliziona taa, wakadhani ni boti za topido za Wajapani, wakafyatua. Chombo kimoja, Crane, kilizama na wavuvi wakauawa. Msafara huohuo uliendelea hadi upande wetu wa dunia, ukakaa miezi kadhaa Nosy Be, Madagaska, kabla ya kwenda kuangamizwa Tsushima Mei 1905.

Vita hivyo vya Urusi na Japani viliwafundisha wakubwa wa majini kitu kingine: bomu la kutegwa, kitu cha bei ndogo, linaweza kuzamisha manowari ya bei kubwa. Nani angeyazoa mabomu hayo? Mwaka 1907 amirali Charles Beresford alifika Grimsby, bandari kubwa ya uvuvi ya Uingereza, akatazama wavuvi wakifanya kazi, akapata jibu. Watu hawa kazi yao ya kila siku ni kuburuta kitu kizito sakafuni mwa bahari. Meli zao zina injini ya nguvu na winchi ya kuvutia wavu. Zinahimili mawimbi ya majira ya baridi. Wenyewe wanaijua bahari hiyo kama mkulima anavyolijua shamba lake. Kumfundisha askari wa majini kuvuta waya kungechukua muda mrefu. Mvuvi alishafundishwa na baba yake.

Mwaka 1910 kikaundwa kikosi cha akiba cha wavuvi. Vita vilipolipuka Agosti 1914 meli zikachukuliwa, na hadi mwisho wake mwaka 1918 zaidi ya meli 1,400 za kukokota nyavu zilikuwa zimepitia mikononi mwa jeshi, pamoja na idadi inayokaribia hiyo ya zile ndogo zinazotega nyavu za kuelea, ambazo mtu wa pwani angeziita vyombo vya jarife. Hizo za jarife zilipewa nyavu za chuma, zikatumwa kuvua nyambizi.

Na mvuvi hakupewa silaha ya kutosha. Alfajiri ya tarehe 15 Mei 1917, kwenye Mlango wa Otranto kati ya Italia na Albania, vyombo 47 vya jarife vilikuwa vimetandaza nyavu vikazingirwa na manowari tatu za Austria. Vyombo 14 vilizamishwa. Joseph Watt, mvuvi wa Uskochi aliyekuwa nahodha wa Gowanlea, aliamriwa aiache meli yake. Akakataa, akajibu mizinga mikubwa kwa kimzinga chake kimoja. Aliokoka, akapewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, na baada ya vita akarudi kuvua.

Rufiji, nyangumi wasiokuwepo

Sisi tuliokuwa chini ya Wajerumani tulikutana na mtindo huu mapema. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia Pegasus ya Waingereza ikiwa imetia nanga Zanzibar, ikaiharibu hadi ikazama, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Waingereza walipogundua ilipo, hawakuweza kuifikia. Meli zao kubwa zingekwama kwenye mchanga, na mikoko ilikuwa imejaa askari.

Ndipo zikaletwa meli ndogo za kuvulia nyangumi: Echo, Fly, Childers na Pickle. Meli ya nyangumi ni chombo chembamba, chepesi kugeuka, kimeumbwa kumfukuza mnyama anayekimbia, na puani pana sehemu imara ya kufungia mzinga wa kurusha chusa. Ukiondoa mzinga wa chusa ukaweka wa risasi, umepata manowari ndogo. Zilifanya doria, zikapima kina, zikazoa njia. Julai 1915, manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilipoingia mtoni kumalizia kazi, vyombo hivyo vidogo ndivyo vilivyowasindikiza mlangoni. Tarehe 11 Julai Königsberg ilizamishwa na watu wake wenyewe baada ya kupigwa vibaya.

Kuna na kisa cha Adjutant, tagi ya Dar es Salaam, ile aina ya boti inayovuta meli bandarini. Waingereza waliiteka, wakaifunga mizinga, wakaituma Rufiji. Februari 1915 Wajerumani wakaiteka tena hukohuko deltani. Baadaye wakaifungua na kuipakia kwenye treni hadi Kigoma, ili ikaendelee na vita kwenye Ziwa Tanganyika. Boti iliyozaliwa kuvuta meli ikavutwa yenyewe, juu ya reli, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka baharini.

Ziwa lenye manowari

Hapo ndipo tunapolifikia ziwa la upande wa pili wa Ufipa, na kosa la mwenzangu.

Vita vilipoanza, maziwa yetu hayakuwa na kikosi cha manowari. Kilichokuwepo ni boti za serikali, za makampuni na za wamisionari. Zikapewa mizinga. Ziwa Nyasa ndilo lililotangulia: tarehe 13 Agosti 1914, Gwendolen ya Waingereza iliingia Liuli na kuifyatulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Manahodha wa meli hizo mbili walikuwa marafiki. Yule Mjerumani alikuwa bado hajapata habari kwamba kuna vita.

Tanganyika, Wajerumani walikuwa na Hedwig von Wissmann na Kingani, zote mbili boti ndogo za mvuke. Kingani ilipewa jina la mto ambao sisi twauita Ruvu. Kwa vyombo hivyo viwili walilitawala ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670. Agosti 22, 1914, Hedwig iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ng'ambo ya Kongo. Novemba wakaenda kusini wakaiharibu Cecil Rhodes ya Waingereza. Kisha Februari 1915 ikashushwa majini huko Kigoma meli ya tatu, kubwa kupita zote: Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikafungwa katika makasha 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa treni kwenye reli iliyokuwa imefika Kigoma Februari 1914, ikaunganishwa upya ufukweni. Ilifungwa mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye Königsberg. Kwa hiyo mzinga uliopiga Zanzibar ukaja kulinda Kigoma.

Waingereza walijibu kwa kitu ambacho hata mtunga hadithi angeogopa kukiandika. Walichukua boti mbili za mota, kila moja ya urefu wa mita 12 hivi, zilizokuwa zimeundwa na kampuni ya Thornycroft kwa ajili ya Ugiriki, zihudumie ndege za majini. Kamanda Geoffrey Spicer-Simson aliomba ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza chao. Wakubwa wakakataa. Akazipa Mimi na Toutou, majina ya kubembelezea wanyama hao hao kwa Kifaransa, nayo yakapita. Mswahili anayesikia boti inaitwa Mimi anaweza kuuliza: na wewe je?

Juni 1915 boti zikapakiwa meli kutoka Uingereza hadi Cape Town. Treni ikazipeleka kaskazini hadi Fungurume, Katanga. Hapo reli ikaisha na milima ya Mitumba ikaanza. Kwa zaidi ya kilomita 200 boti zilikwenda nchi kavu, zikivutwa na mashine mbili za mvuke, na mafahali, na mamia ya watu wa Kongo waliokata miti, wakajenga madaraja zaidi ya 150, wakashika kamba kwenye miteremko ili mzigo usiwaponyoke. Mashine za mvuke zilikuwa na kiu isiyokwisha, na ilikuwa majira ya ukame. Maji ya kuzinywesha yakaletwa na wanawake wa vijiji vya njiani, wameyabeba vichwani.

Soma tena sentensi hiyo. Manowari za Mfalme wa Uingereza zilipanda Mitumba kwa maji ya mitungi.

Zilifika Lukuga, karibu na Kalemie ya leo, mwishoni mwa Oktoba. Wenyeji wa pale, Waholoholo, walimtazama Spicer-Simson anavyozunguka kambini amevaa sketi ya kaki aliyoibuni mwenyewe na mikono imejaa chale za picha, wakampa jina: Bwana Chifunga Tumbo.

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 1915, Kingani ilikuja kuchungulia. Mzinga wake mmoja ulikuwa puani, unatazama mbele tu. Mimi na Toutou zikapita zikaja nyuma yake. Pambano lilichukua dakika kumi na moja. Kamanda wake wa Kijerumani alikufa, boti ikatekwa, ikazibwa matundu, ikapewa bendera mpya na jina jipya: Fifi. Tarehe 9 Februari 1916, Fifi na Mimi zikaifukuza Hedwig von Wissmann na kuizamisha. Siku iliyofuata Götzen ilitokea kwa mbali, ikipita polepole, inamtafuta mwenzake. Spicer-Simson akakataa kutoka.

Kasanga, mizinga ya miti

Ukitoka Sumbawanga kwa barabara ya lami kupitia Matai, kilomita zipatazo 112, unaishia Kasanga, bandari ya kusini ya Ziwa Tanganyika kwa upande wetu. Wajerumani waliiita Bismarckburg, wakajenga boma juu ya mwamba unaotazama maji. Hii ndiyo sehemu ya hadithi inayowahusu moja kwa moja watu wa Ufipa, nayo ndiyo isiyosimuliwa sana.

Mwishoni mwa Mei 1916 safu ya askari kutoka Rhodesia, chini ya Luteni Kanali Murray, ilivuka mpaka na kuanza kusonga kuelekea Bismarckburg. Mpango ulikuwa wa kawaida: wa nchi kavu wazuie nyuma, wa majini wazuie mbele, kama vile kokoro linavyofungwa pande mbili. Tarehe 5 Juni Spicer-Simson alifika mbele ya Kasanga na vyombo vyake. Akatazama juu, akaona boma, na kwenye boma akaona midomo ya mizinga. Akarudi nyuma kusubiri.

Ziwa likabaki wazi. Wajerumani na askari wao wakapakia vitu kwenye mashua za matanga, vyombo vilivyokuwa vikibeba chumvi, samaki na abiria ziwani tangu enzi za wafanyabiashara wa Ujiji, wakaondoka gizani. Murray alipoingia bomani tarehe 8 Juni hakumkuta mtu. Mizinga iliyomtia hofu kamanda ilikuwa magogo.

Si hayo tu. Kigoma nako, ule mzinga wa Götzen ulikuwa umeondolewa na kupelekwa kwa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, aliyeuhitaji nchi kavu, na mahali pake pakawekwa wa mti. Kwa hiyo katika miezi ya mwisho ya vita vya Ziwa Tanganyika, boti za kuazima zilikuwa zikiogopa mizinga ya kuchonga. Na waliotoka salama Kasanga walitoka kwa tanga la mchuuzi.

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, karibu na mdomo wa Malagarasi, baada ya kuipaka injini yake mafuta mazito ili kutu isiile. Walitegemea kurudi. Hawakurudi, lakini mafuta yalifanya kazi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaitengeneza, na Mei 1927 ikaanza tena safari ikiitwa Liemba, jina ambalo Livingstone alilikuta likitumiwa na wenyeji kwa ncha ya kusini ya ziwa alipofika mwaka 1867.

Tangu hapo ikawa meli ya watu: magunia ya mahindi ya Ufipa, dagaa waliokaushwa, maharusi, maiti, wanafunzi. Hata hivyo vita havikuisahau. Mwaka 1997 ilikodiwa kuwarudisha makwao makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Mei 2015 ikapelekwa Kagunga, kaskazini ya Kigoma, kuwatoa Warundi waliojazana ufukweni. Ilikuwa na umri wa miaka mia moja. Baadaye ikasimama ikihitaji matengenezo makubwa, na mtu wa Kasanga aliyetaka kwenda Kigoma alijua maana ya jambo hilo kuliko mwanahistoria yeyote.

Rosalind wa Mombasa

Kwa hiyo Ziwa Tanganyika lilipata boti za serikali na za mota zilizovalishwa mizinga. Meli ya uvuvi yenyewe, ile ya kukokota wavu, Afrika Mashariki iliipata baadaye kidogo, tena ikaifanya mkubwa wa jeshi.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Uingereza ilifungua tena daftari la Grimsby na Hull. Safari hii, mbali na kuchukua meli za wavuvi, iliunda mpya kwa ramani ileile ya meli ya uvuvi, kwa sababu viwanda vidogo vilizoea kuziunda na wavuvi walizoea kuziendesha. Kundi moja la meli kumi na mbili lilipewa majina ya watu wa tamthilia za Shakespeare: Hamlet, Othello, Macbeth, Ophelia. Mojawapo ilikuwa Rosalind, iliyoundwa Uskochi mwaka 1941.

Mombasa kulikuwa na kikosi cha akiba cha majini cha Kenya tangu 1933, na mwaka 1942 bandari ya Kilindini ikawa maskani ya manowari za Uingereza zilizofukuzwa Bahari ya Hindi ya mashariki na Wajapani. Vita vilipokwisha, mwaka 1946, Rosalind ikaletwa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikosi hicho kikawa Jeshi la Kifalme la Majini la Afrika Mashariki, kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Meli yake kuu ilikuwa Rosalind. Vijana wa nchi nne wakajifunza usukani, ishara za bendera na mizinga juu ya chombo kilichochorwa kwa mfano wa meli ya kuvulia samaki aina ya chewa wa kaskazini.

Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962, Tanganyika ikiwa imeshapata uhuru na nchi nyingine zikiwa mlangoni. Kila nchi ikaenda kuunda la kwake. Leo anayejua kwamba majirani hawa waliwahi kuwa na jeshi moja la majini ni mtu wa kutafutwa kwa tochi.

Kinachorudishwa na kisichorudishwa

Mtu anaweza kudhani haya yamepita na karne yake. Mwaka 1982, Uingereza ilipokwenda kupigana na Argentina juu ya visiwa vya Falklands, meli tano za uvuvi za Hull, Cordella, Farnella, Junella, Northella na Pict, zilichukuliwa na kutumwa kusini kuzoa mabomu. Miaka michache kabla, 1975 na 1976, Aisland iligombana na Uingereza hiyohiyo juu ya samaki, nayo ikazipa baadhi ya meli zake za uvuvi kazi ya walinzi wa pwani, zikate nyavu za Waingereza.

Sababu ni ileile ya Beresford. Taifa halina pesa ya kuunda na kutunza meli za kutosha kwa vita ambavyo huenda visije. Meli ya uvuvi inajilisha yenyewe miaka yote ya amani, inamfunza baharia bila mshahara wa serikali, na siku ya dhiki ipo, imesajiliwa, jina la mwenyewe linajulikana. Kumsajili mvuvi ni kuiwekea serikali akiba, hata kama hakuna aliyelisema hivyo siku ya kupaka namba ubavuni mwa chombo.

Kuazima si vibaya. Swali ni kurudisha. Chombo hurudishwa: meli za Grimsby zilirudi kwa samaki, nyingi zilizoundwa wakati wa vita zikauzwa kwa wavuvi, na Götzen ikawa Liemba. Na Waingereza waliwakumbuka wavuvi wao. Lowestoft, mji wa pwani ya mashariki ambako kikosi chao kilikuwa na makao katika Vita Kuu ya Pili, pana mnara wenye majina ya watu 2,385 ambao kaburi lao ni bahari. Mpishi ana jina lake pale. Kijana wa kukoleza makaa ana jina lake pale.

Upande wetu, Mimi na Toutou wanajulikana duniani. C. S. Forester alipata humo mbegu ya riwaya yake ya 1935, ikawa filamu maarufu mwaka 1951. Spicer-Simson ana wasifu na masimulizi, sketi yake pia. Wabeba mizigo wa vita vile tumewapa sehemu moja ya Dar es Salaam, Kariakoo, jina lililotokana na kikosi chao, na anayeshuka pale kununua vitenge hafikirii mzigo wowote isipokuwa wake. Waliokata miti ya Mitumba, waliobeba maji ya mashine, waliotweka matanga usiku ule wa Kasanga, waliokoleza moto ndani ya Kingani, hawana hata ubao.

Jua lilipoanza kuegemea Lyamba lya Mfipa, mshonaji wangu alikuwa amefika mwisho wa pindo. Nilimsimulia habari ya waya wa chuma na meli mbili zinazokwenda sambamba. Alisikiliza bila kuacha kazi, kisha akataka kujua kitu ambacho sikukikuta katika simulizi lolote nililosoma: waya ukinasa bomu upande wa chombo kimoja, huyo wa chombo cha pili anajuaje?

Nikamjibu nadhani anauhisi mvuto mkononi.

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua siku zote, akaachia kidole gumba, wavu ukalegea miguuni mwake.